Starehe kama Hesabu: Historia ya Baiskeli ya Safari Ndefu Nchini Ufaransa

Historia ya baiskeli imeandikwa kwa sehemu kubwa kama historia ya mbio, kwa kuwa mbio zina washindi, saa na magazeti, ilhali vifaa vingi ambavyo mwendeshaji wa leo huviona kuwa vya kawaida, kuanzia gia nyingi hadi tairi nene zisizojazwa upepo mwingi, vilijaribiwa na kukomazwa na watu ambao hawakuwa wakishindana na yeyote. Hao walikuwa watalii wa baiskeli, yaani wasafiri waliovuka milima na majimbo kwa nguvu za miguu yao, na kitovu cha harakati zao kilikuwa Ufaransa, kwanza katika mji wa viwanda wa Saint-Étienne na baadaye katika kitongoji cha Levallois-Perret kilicho ubavuni mwa Paris. Baiskeli waliyoitengeneza ilikuja kuwa chombo kilichopimwa kwa mwili wa mtu mmoja na kwa barabara anazokusudia kuzipita, na starehe waliyoitafuta ndani yake ilikuwa jambo la hesabu: nguvu za msafiri ni akiba yenye kikomo, na kila mtikisiko, kila mkao mbaya na kila mlima usiolingana na gia huichota akiba hiyo kabla ya safari kufika mwisho.

Vyombo vya mwanzo havikuacha nafasi kubwa ya hesabu kama hiyo. Mashine ya mbao ambayo Karl von Drais aliiendesha mwaka 1817 kutoka Mannheim, Ujerumani, ilisukumwa kwa kupiga miguu chini. Ile yenye pedeli iliyoenea Paris katika miaka ya 1860 kupitia karakana ya Pierre Michaux ilikuwa na magurudumu yaliyovikwa chuma, na Waingereza waliipa jina la kitikisa mifupa. Baiskeli ya gurudumu kubwa la mbele iliyofuata ilikuwa na kasi, lakini mpanda wake aliketi juu mno na kila shimo lilitishia kumrusha kichwa chini. Hata hivyo, ni kwa chombo cha namna hiyo Thomas Stevens aliondoka San Francisco mwezi Aprili 1884 na kuizunguka dunia hadi Yokohama, alikofika Desemba 1886, akiwa na mfuko mdogo kwenye usukani wenye soksi, shati la akiba na koti la mvua lililotumika pia kama hema. Mfuko huo wa mbele, uliowekwa pale kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuuweka, utarudi katika habari hii.

Mambo mawili yalibadilisha hali hiyo kwa haraka. La kwanza ni baiskeli ya Rover ya John Kemp Starley, iliyotengenezwa Coventry mwaka 1885, yenye magurudumu yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo unaopeleka nguvu za pedeli kwenye gurudumu la nyuma. Mnyororo ulitenganisha ukubwa wa gurudumu na wepesi au uzito wa kukanyaga, na bila utengano huo gia nyingi zisingewezekana kwa urahisi. La pili ni tairi ya upepo, ambayo John Boyd Dunlop aliipatia hataza mjini Belfast mwaka 1888, zaidi ya miaka 40 baada ya Robert William Thomson kupata hataza ya wazo lilo hilo ambalo wakati wake halikupata soko. Mwaka 1891 ndugu wa Michelin wa Clermont-Ferrand walileta tairi iliyoweza kutolewa na kuzibwa pancha njiani, na mwaka huohuo Charles Terront akaitumia kushinda mbio za kwanza za Paris–Brest–Paris, mwendo wa kilomita 1,200 hivi, alioumaliza kwa takribani siku tatu mchana na usiku.

Haifai kuitaja tairi ya upepo bila kutaja ulikotoka mpira wake. Haja ya mpira iliyochochewa na baiskeli, na baadaye na magari, iliifanya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji kuwa kambi ya kazi za kulazimishwa, ambamo wanakijiji waliotumwa msituni kugema utomvu wa mitambaazi ya mpira walipigwa, walishikiwa wake zao rehani na kukatwa mikono pale mizani ilipopungua, hadi ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 na kampeni ya E. D. Morel zilipochangia kumnyang'anya mfalme nchi hiyo mwaka 1908. Mpira wa msituni ulikusanywa pia Afrika Mashariki, bara ya Kilwa na Lindi na kusafirishwa kupitia bandari hizo, na Wajerumani walipanda mashamba ya mpira katika maeneo ya Tanga na Muheza, ambayo yalianguka mwaka 1913 baada ya mpira wa mashamba ya Asia kushusha bei. Starehe ya mpanda baiskeli wa Ulaya, kwa hiyo, ilikuwa na gharama ambayo kwa miaka mingi haikuonekana katika hesabu zake.

Mtu aliyeifanya starehe hiyo kuwa somo alikuwa Paul de Vivie, aliyezaliwa mwaka 1853 katika mji wa Pernes, kusini mwa Ufaransa, na kufanya biashara ya hariri mjini Saint-Étienne. Mji huo uliishi kwa kusuka tepe za hariri, kutengeneza silaha na kuchimba makaa ya mawe, nao ulikuwa na uhusiano wa ajabu na Coventry: mji huo wa Uingereza pia ulisuka tepe za hariri, mpaka mkataba wa biashara wa mwaka 1860 ulipofungua milango kwa hariri ya Ufaransa na kuwaacha wasukaji wake bila kazi, na sehemu ya nguvu kazi na ustadi wa mji ikahamia kwenye cherehani na kisha kwenye baiskeli. Miongo michache baadaye mfanyabiashara wa hariri kutoka Saint-Étienne ndiye aliyekuwa akiagiza baiskeli za Coventry. De Vivie alipata baiskeli yake ya kwanza mwaka 1881, mwaka 1887 akaiacha hariri na kufungua duka la baiskeli, na mwaka huohuo akaanzisha jarida lililokuja kujulikana kwa jina la Le Cycliste. Ndani yake alitia saini kwa jina la Vélocio, na kwa jina hilo ndilo anakumbukwa.

Jarida hilo lilikuwa maabara iliyochapishwa. Vélocio aliandika ni umbali gani aliokwenda, kwa gia ipi, kwa tairi ya unene gani, alikula nini na alichoka wapi, na wasomaji wake walimjibu kwa takwimu zao wenyewe, hata ikajengeka hazina ya maarifa ambayo hakuna kiwanda kimoja kingeweza kuigharimia. Saint-Étienne iliwafaa kwa jaribio la namna hiyo, kwa maana mtu akitoka mjini kuelekea kusini hukutana mara moja na mlima wa Col de la République, wenye kimo cha mita 1,161, na baiskeli yenye gia moja inayofaa tambarare ilikuwa mzigo juu ya mlima huo. Vélocio, aliyeacha nyama na tumbaku na aliyekuwa na tabia ya kusafiri usiku kucha kuelekea Provence wakati wa Pasaka, aliwapa wafuasi wake kanuni chache ambazo bado zinarudiwa: mapumziko yawe machache na mafupi, mtu ale kabla ya kuhisi njaa na anywe kabla ya kuhisi kiu, na asikanyage pedeli kwa ajili ya majivuno. Kanuni hizo zinahusu mwili, lakini nyuma ya kila moja kuna swali la ufundi, kwa sababu mtu hawezi kujizuia asipite kiasi cha nguvu zake ikiwa mashine yake haimpi gia ya kumwezesha kupanda taratibu.

Gia zinahitaji maelezo kidogo. Wafaransa hupima gia kwa urefu wa njia ambayo baiskeli huenda pedeli zikizunguka mara moja, na urefu huo hupatikana kwa kugawa idadi ya meno ya gurudumu la mbele la mnyororo kwa idadi ya meno ya lile la nyuma, kisha kuzidisha kwa mzingo wa tairi. Ikiwa tairi ina mzingo wa mita 2.1, meno 46 mbele na 16 nyuma huipeleka baiskeli mita 6 hivi kwa kila mzunguko, kiasi kinachofaa tambarare, ilhali meno 28 mbele na 24 nyuma huipeleka chini ya mita 2.5, kiasi kinachomruhusu mtu mwenye mizigo kupanda mlima mrefu akiwa ameketi. Vélocio, aliyeunda baiskeli aliyoiita La Gauloise mwaka 1889, alitengeneza pia mpango uliompa mwendeshaji gia mbili kwa kushuka na kuuhamisha mnyororo kwa mkono, na katika miaka iliyofuata akajaribu minyororo miwili pande mbili za baiskeli na mipango mingine ambayo leo huonekana kama michezo ya mtoto mwenye akili. Mafundi wa mji huo waliendelea kutoka hapo. Joanny Panel alitengeneza kihamisha mnyororo, yaani mkono wenye springi unaousogeza mnyororo kutoka gurudumu moja la meno kwenda jingine bila mtu kushuka, akakipa jina Le Chemineau na kukitumia katika Tour de France ya mwaka 1912. Na mwaka 1924 Albert Raimond akaleta kingine chenye jina Cyclo, ambacho kilipendwa na watalii kwa miongo kadhaa.

Walimwengu wa mbio hawakufurahia. Henri Desgrange, mhariri wa gazeti la L'Auto na mwanzilishi wa Tour de France mwaka 1903, alikuwa tayari amekwisha kuandika mwaka 1902 kwamba gia za kubadilisha zinawafaa watu waliopita umri wa miaka 45, na kwamba ushindi wa misuli una heshima kuliko ushindi wa mashine. Katika mbio zake washindani walilazimika, kwa miaka mingi, kusimama chini ya mlima, kufungua nati, kuligeuza gurudumu la nyuma lenye meno pande zote mbili, kulifunga tena na kuendelea, wakati karani wa benki wa Saint-Étienne aliyekuwa akijiendea mapumziko yake aliweza kuwapita akiwa ameketi, kwa msaada wa kihamisha mnyororo chake. Vihamisha mnyororo viliruhusiwa rasmi katika Tour de France mwaka 1937. Vélocio hakuishi kuona, kwani tramu ilimgonga na kumuua mjini Saint-Étienne mwezi Februari 1930, akiwa na umri wa miaka 76. Ni vigumu kuepuka hitimisho kwamba katika mabishano haya ya miaka 35 mtalii ndiye aliyekuwa mtu wa sayansi, na mwanamichezo ndiye aliyekuwa mtu wa imani.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza utalii wa baiskeli ulipata taratibu na majina yake. Mwaka 1921 chama cha Audax Club Parisien, ambacho awali kilifuata mtindo wa Desgrange wa kusafiri kwa kundi chini ya nahodha anayepanga mwendo, kilianzisha vyeti vya randonneurs, neno linalotokana na randonnée, yaani safari ndefu, ambapo kila mtu huenda kwa mwendo wake mradi afike kila kituo kabla ya muda kuisha. Kuanzia mwaka 1931 chama hicho kiliwapa randonneurs Paris–Brest–Paris yao wenyewe, na muda ambao umekuja kujulikana zaidi ni saa 90 kwa kilomita 1,200. Mwaka 1930 zikaanzishwa Diagonales, safari zinazounganisha pembe sita za ramani ya Ufaransa, Brest, Dunkerque, Strasbourg, Menton, Perpignan na Hendaye, kwa njia tisa zinazoikata nchi kutoka ukingo hadi ukingo. Masharti ya muda kama hayo yaliibadilisha baiskeli. Msafiri aliyelazimika kwenda usiku alihitaji taa isiyozimika. Aliyepitia Bretagne, ambako mvua ni jambo la kila wiki, alihitaji madigadi. Na aliyekosa muda wa kusimama alihitaji kufikia chakula chake, ramani na kadi ya mihuri akiwa bado anakanyaga.

Kisha ukaja mwaka 1936, serikali ya Front Populaire, muungano wa vyama vya mrengo wa kushoto, ilipopitisha sheria ya likizo ya wiki mbili yenye malipo, na wafanyakazi wengi ambao hawakuwahi kuiona bahari wakaingia barabarani kwa baiskeli na tandemu, ile baiskeli ya watu wawili. Picha za miaka hiyo huonyesha umati wa vijana wenye kaptula na mikoba, lakini ni sehemu ndogo tu kati yao iliyoweza kununua baiskeli zinazozungumziwa hapa, kwa kuwa baiskeli iliyojengwa kwa vipimo ilimgharimu mtu wa kawaida mshahara wa miezi kadhaa. Umuhimu wa mwaka huo ni kwamba ulikuza soko lote, na juu ya kilele cha soko hilo wakapata nafasi mafundi waliolenga ubora bila kuhofia kukosa wateja.

Mafundi hao Wafaransa waliwaita constructeurs, yaani wajenzi, ili kuwatofautisha na watu waliotengeneza fremu tu na kumwachia mwenye duka kazi ya kuivika vifaa. Mjenzi alibuni baiskeli nzima kama kitu kimoja. Kilichowasukuma ni mashindano ya ufundi yaliyoanza mwaka 1934, ambayo yalikuwa kinyume cha mbio za kawaida, kwa kuwa waamuzi walipima mashine, wakaipa alama kwa wepesi na ubunifu, kisha wakaipeleka kwenye mamia ya kilomita za barabara mbovu za milimani na kuikata alama kwa kila taa iliyozimika, kila nati iliyolegea na kila keria iliyopasuka. Mwaka 1938 René Herse, ambaye alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha ndege cha Breguet, kilichounda ndege iliyowapeleka Costes na Bellonte kutoka Paris hadi New York mwaka 1930, alileta baiskeli yenye taa, madigadi na keria, iliyokuwa na uzito chini ya kilo 8. Alex Singer, fundi mzaliwa wa Hungaria aliyefungua karakana Levallois-Perret mwaka huohuo, alishusha uzito huo chini ya kilo 7 katika mashindano ya mwaka 1946. Baiskeli nyingi za mbio zinazouzwa leo, za nyuzi za kaboni na bila taa wala madigadi, zina uzito sawa na huo au zaidi.

Wepesi huo ulitokana na kuunganisha kazi, na hapa ndipo ustadi wa wajenzi unapostahili kutazamwa kwa karibu. Katika baiskeli ya kiwandani keria hufungwa kwa vibanio na bolti ndefu juu ya fremu ambayo haikuitarajia, kwa hiyo hulegea, hupiga kelele na huongeza uzito. Katika baiskeli ya Herse au Singer keria ilikunjwa kwa paipu nyembamba za chuma kufuata umbo la baiskeli husika na kufungwa kwenye vijitundu vilivyounganishwa na fremu kwa shaba iliyoyeyushwa kabla ya kupakwa rangi. Waya wa taa ulipita ndani ya paipu, na mara nyingine hata ndani ya madigadi, ambayo yalikuwa ya alumini iliyopigwa na kukunjwa, yakifuata mviringo wa tairi kwa mwachano ulio sawa pande zote na kushikwa na fremu mahali ambapo fundi alikuwa amepanga. Dainamo ndogo iliyosuguana na tairi ilipata kishikio chake kwenye uma wa mbele au kwenye paipu za nyuma. Kila kitu kilikuwa na mahali pake, na kwa sababu hiyo hakuna kilichotikisika.

Mteja alipofika karakana alipimwa urefu wa miguu, kiwiliwili na mikono, na kuulizwa anasafiri wapi, kwa siku ngapi na kwa mzigo gani. Kiti cha ngozi iliyovutwa juu ya fremu ya chuma, cha Ideale ya Ufaransa au Brooks ya Birmingham, kiliwekwa nyuma kiasi cha kuuachia mgongo na makalio kubeba uzito ambao vinginevyo ungeelemea viganja; ngozi hiyo ilikuwa ngumu kwa kilomita mia chache za mwanzo, kisha ikajikunja kufuata mifupa ya mwenyewe hata isimfae mtu mwingine tena. Usukani uliwekwa karibu sawa na kiti kwa kimo, umbo lake likipanda kidogo kutoka katikati na kupanuka kuelekea chini, ili mikono iwe na sehemu nyingi za kushika na ibadilishwe kabla ya kufa ganzi. Breki zilifungwa kwenye vigingi vilivyounganishwa na fremu ili ziizunguke tairi nene bila kuigusa. Wajenzi hawakuyaita mambo haya anasa, na mwendeshaji aliyekwisha kukaa saa 20 juu ya kiti asingewabishia.

Kuhusu tairi, watalii wa Ufaransa walikuwa wafuasi wa Vélocio, aliyehubiri tairi za unene wa milimita 40 au zaidi zenye upepo wa wastani, wakati wanambio walishikilia zile nyembamba zilizojazwa mpaka zikawa ngumu kama mti. Kipimo kilichopendwa kiliitwa 650B: nambari inaonyesha kipenyo cha nje cha tairi kwa milimita kama ilivyokadiriwa wakati mfumo huo unatungwa, na herufi inaonyesha kundi la unene, A ikiwa nyembamba kuliko B na B kuliko C. Ringi ya 650B ina kipenyo cha milimita 584 mahali tairi inapokaa, na tairi ya milimita 42 juu yake hurudisha gurudumu zima kwenye ukubwa unaolingana na gurudumu la mbio lenye tairi nyembamba, kwa hiyo baiskeli huhifadhi tabia yake huku ikipata mto wa hewa. Hoja ya Vélocio ilikuwa kwamba tairi ngumu huruka juu ya kila kokoto na kuuinua mwili mzima wa mwendeshaji, na kazi hiyo ya kuinua hulipwa na misuli yake, ilhali tairi nene humeza kokoto na kuuacha mwili uendelee mbele.

Jambo ambalo liliitofautisha kabisa baiskeli ya Ufaransa ni mfuko wa mbele. Waingereza, ambao walikuwa na chama cha utalii wa baiskeli tangu mwaka 1878, walifunga mfuko nyuma ya kiti kwenye vitundu vya kiti cha ngozi, na kampuni ya Carradice ya Lancashire imeshona mifuko ya aina hiyo tangu mwaka 1932. Mzigo wa nyuma hausumbui usukani, lakini humlazimu mtu kusimama kila anapotaka mkate. Wafaransa walirudi mahali pa Thomas Stevens, wakaweka mfuko juu ya keria ndogo mbele ya usukani, kifuniko chake chenye dirisha la ramani kikimwelekea mwendeshaji, na ili mzigo huo usiuvute usukani huku na huku walibadilisha umbo la uma wa mbele. Uma ukipinda zaidi kuelekea mbele hupunguza umbali kati ya sehemu ambayo tairi inagusa ardhi na sehemu ambayo mhimili wa usukani ungegusa ardhi kama ungerefushwa. Umbali huo ukiwa mdogo, uzito ulio mbele huugeuza usukani kwa nguvu kidogo tu, na baiskeli hufuata njia bila kushikwa kwa mabavu. Msomaji aliyewahi kufunga gunia kwenye usukani wa baiskeli ya Phoenix na kuhisi jinsi unavyokataa kunyooka atakuwa amekutana na tatizo hilihili, na atakuwa pia ameona kwamba baiskeli za aina hiyo zilitengenezwa kubeba mzigo nyuma, kwenye keria, ambako mafundi wa Afrika Mashariki wamezidisha vyuma na mito tangu enzi za boda boda za Busia.

Enzi ya wajenzi haikudumu. Wakati wa uvamizi wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili petroli iliadimika na baiskeli ikathaminiwa kuliko wakati wowote, na karakana za Levallois zilipata wateja wengi hata wakati wa vita. Lakini pikipiki ndogo ya VéloSoleX, iliyotoka mwaka 1946, na gari la bei nafuu la Citroën 2CV, lililoonyeshwa mwaka 1948, viliwaondoa vijana kwenye baiskeli kimoja baada ya kingine. Herse aliendelea mpaka alipofariki mwaka 1976, na binti yake Lyli, aliyekuwa bingwa wa Ufaransa mara kadhaa, akaendesha karakana kwa muda pamoja na fundi aliyejifunza kwa baba yake. Karakana ya Singer iliingia mikononi mwa familia ya Csuka, ambayo iliendelea kutengeneza baiskeli kwa vipimo katika duka lilelile. Wajapani ndio waliochukua mtindo huo kwa heshima kubwa kuliko wote, na mafundi wa Toei walijenga baiskeli za Kifaransa kwa ustadi ambao Wafaransa wenyewe walikuwa wameanza kuusahau, wakati Marekani ilijenga utalii wake wa aina nyingine, wa mizigo mizito na mifuko minne, uliopata msukumo kutokana na safari ya kuvuka bara iliyofanywa na maelfu ya watu mwaka 1976 kuadhimisha miaka 200 ya taifa hilo.

Kuanzia mwaka 2002 jarida la baiskeli la Jan Heine wa Seattle, Marekani, lilirudi kwenye mabishano ya Vélocio kwa kupima tairi barabarani badala ya kwenye roli za chuma, na matokeo yake yalikubaliana na jarida la Saint-Étienne: kwenye barabara halisi tairi nene yenye ngozi nyepesi haichelewi, kwa kuwa nguvu zinazopotea katika kutikisa mwili wa mwendeshaji ni nyingi kuliko zile zinazopotea ndani ya mpira. Ringi za 650B, ambazo zilikaribia kutoweka madukani, zilianza kutengenezwa tena, na kipimo hichohicho cha milimita 584 kikaingia kwenye baiskeli za milimani kwa jina jipya la inchi 27.5, wanunuzi wengi wakidhani ni uvumbuzi wa karne hii. Kiti cha ngozi, mfuko wa mbele na taa ya dainamo, ambayo sasa imehamia ndani ya habu ya gurudumu, huonekana tena kila baada ya miaka minne kwenye Paris–Brest–Paris, ambayo mwaka 2019 iliwakusanya waendeshaji zaidi ya 6,000. Wanambio wa kulipwa nao, ambao katika miaka ya 1990 walipanda tairi za milimita 20 hadi 23, leo hupanda za milimita 28, 30 na zaidi.

Juu ya Col de la République pana mnara wa Vélocio, na mashindano ya kuupanda mlima huo kwa heshima yake yalianza mwaka 1922, alipokuwa bado hai na bado akiupanda mwenyewe.